Ijaza ya Mchezo wa Mlango

Sikuwa nimewahi kukaa mahali pamoja zaidi ya msimu mmoja mpaka siku springi ya lori ilipokatika. Nilikuwa utingo. Kabla ya hapo nilikata mkonge, nikavuna chumvi Kilwa, nikabeba mizigo bandarini Lindi. Shule niliiacha darasa la nne. Hakuna aliyenifukuza, ila mwalimu alikuwa akirudia ukurasa uleule, na mimi nilitaka kujua ulio mbele. Tabia hiyo imenisumbua maisha yangu yote.

Lori lilisimama pembeni mwa kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Nangurukuru. Dereva akadandia gari jingine kwenda kutafuta springi Dar es Salaam, akaniacha nilinde matairi. "Siku tatu tu," alisema. Siku ya pili mvua ikaanza, Rufiji ikafurika, kivuko kikasimama, na mimi nikawa mwanakijiji kwa miezi miwili.

Nyumba zilipangwa mistari miwili iliyonyooka, makuti ya mapaa bado yana ukijani. Watu walitoka huku na huku, wengine kwa hiari na wengine kwa kuhamishwa, na karibu wote walikuwa bado wakisema "kwetu" wakimaanisha mahali pengine. Alasiri walikusanyika kwenye banda la kisomo, watu wazima wakajifunza a-e-i-o-u. Nilipita hapo siku ya tatu kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Somo lilikuwa limekwisha, lakini watu hawakuondoka. Walikuwa wamezunguka mlango.

Nasema mlango kwa maana halisi: mlango wa mbao, wa kizamani, wenye nakshi pembeni na tundu la komeo, umelazwa juu ya madebe manne kama meza. Upande mmoja alikaa mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga mbili, miwani yake imefungwa uzi. Mbele yake palikuwa na daftari na simbi nne, zile za kuokota ufukweni.

"Umefika mtoni," alikuwa akimwambia mzee mmoja mwembamba. "Maji yamejaa, rangi yake kama chai ya maziwa. Daraja hakuna. Ng'ambo kuna mtu anakuita kwa jina lako la utotoni. Unafanyaje?"

Mzee alifikiri. "Namuuliza yeye nani."

"Hajibu. Anaita tu."

"Basi sivuki. Mtu asiyejibu hana adabu."

"Mzee unaogopa maji, sema!" mmoja akadakia.

"Maji siyaogopi. Naogopa watu wenu."

"Tupa simbi," mwanamke akasema. "Tuone kama macho yako yanafika ng'ambo."

Mzee akazitikisa kiganjani, akazimwaga juu ya mlango. Mbili zikaangalia juu.

"Umemwona. Ni mkeo. Ana ndoo kichwani."

"Yupi?" mzee akauliza kwa wasiwasi wa kweli, na banda zima likaangua kicheko, wengine wakashika mbavu. Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni mwa banda na mvua inanichapa mgongoni. Nilitaka kujua ni mke yupi.

Sheria zake nilizijua kabla jua halijazama. Kila mchezaji alikuwa na kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji. Juu yake aliandika kwa mkono wake mwenyewe jina la kubuni, kazi, na mambo matatu: nguvu, ulimi na macho, kila moja na namba yake. Ukitaka kufanya jambo gumu unatupa simbi. Zinazoangalia juu zisipozidi namba yako, umefanikiwa. Zikizidi, mwenye kusimulia anakwambia lililokupata. Huyo msimuliaji waliita bawabu, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa mlangoni na kukufungulia nchi. Nchi yenyewe ilikuwa ndani ya daftari: mito, njia panda, soko ambalo watu wanabadilishana sauti zao, mji wa mawe kisiwani ambao wenyeji wake wamesahau kuwa babu zao ndio walioujenga. Na ulichokipata njiani sharti ukiandike, la sivyo hukukipata. Hapo ndipo kisomo kilipoingia. Yule mzee mwembamba alijifunza kuandika "kamba" kwa sababu alihitaji kamba.

Mwanamke huyo kijiji kizima kilimwita Bi Mkubwa, nami nikamwita hivyohivyo. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mwenyeji wa Kilwa Kisiwani aliyehamia bara. Mlango ulikuwa wa chuo chake. Walipoambiwa wahamie kijiji kipya, watu walibeba vyungu, kuku, mbegu. Yeye alibeba mlango. Aliniambia hakujua ataufanyia nini, mpaka siku alipoona wanafunzi wake wa kisomo wanasinzia.

Nilicheza kila alasiri. Mtu wangu alikuwa mganga muongo mwenye ulimi tatu na nguvu moja, na nilimpenda kuliko nilivyojipenda mwenyewe. Wiki ya tano nikamwomba Bi Mkubwa ninakili daftari lake.

"Hapana."

"Nitaandika vizuri, Bi Mkubwa. Sitachafua."

"Sijasema utachafua. Nimesema hapana." Alikuwa anachambua choroko, hakuinua macho. "Kwa baba yangu mtu hachukui kitabu rafuni akaenda kukisomesha. Anakisoma mbele ya mwalimu, mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu anasikiliza. Akiridhika anampa ijaza, kama yeye alivyopewa na mwalimu wake, na yule na wake. Kitabu bila ijaza ni karatasi."

"Lakini huu ni mchezo."

"Ni mchezo. Dini si hii, nisije nikakufuru. Adabu ni ileile."

Basi nikakaa upande wake wa mlango siku nane, mimi bawabu, yeye mchezaji. Alicheza kama mtu mkorofi kuliko wote duniani. Alikataa kuvuka mito. Aliwauliza wafanyabiashara wa sokoni habari za mama zao. Siku ya kwanza nilimlazimisha apite njia niliyoitaka mimi, akakunja karatasi yake na kuondoka zake. Siku ya nane alinyoosha mkono, nikaushika, akasema, "Nimekupa ijaza. Simama mlangoni." Nikanakili daftari kwa siku mbili. Sikumuuliza neno zaidi, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

La pili nilidhani ni ujanja. Springi ilikuwa haijafika bado, na nimechoka kulinda lori. Dereva alituma salamu kwamba amepata kazi nyingine. Nikaamua kushuka Lindi. Miaka ile kijana akionekana njiani bila kazi na bila barua aliulizwa maswali mengi. Nikamwendea katibu wa kijiji, kijana wa rika langu, mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati na muhuri ndani ya kibweta cha bati. Akaniandikia barua ya utambulisho, akaigonga muhuri. Nikamwomba agonge na daftari.

"La nini?"

"Wakilifungua wakakuta mito na majini, watasema mimi mchawi. Wakikuta muhuri watajua ni la kisomo."

Akaona ni maneno ya maana. Alipenda pia kugonga muhuri. Akagonga kurasa zote, moja baada ya moja, akipulizia wino ukauke.

Lindi nilirudi bandarini. Nilipanga chumba uani kwa fundi mmoja wa kuchonga, Mmakonde, Mkristo, aliyevuka Ruvuma kukimbia vita vya ng'ambo. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti ndogo, na mikono yake haikujua kutulia. Nilipomfungulia nchi ya Bi Mkubwa mara ya kwanza alikuwa anachonga mpingo, na hakuacha kuchonga. Alipomaliza safari alikuwa amechonga mtu wake: mbeba mizigo, kidogo kama kidole gumba. Akamsimamisha juu ya ubao tuliochezea.

"Huyu akifa nitafanyaje?" akaniuliza.

"Utachonga mwingine."

"Hapana. Huyu hafi."

Wiki ya pili akaomba anakili daftari. Mimi nikaona nina ijaza, na mwenye ijaza huwapa wengine, ndivyo nilivyoelewa. Nikampa. Hakusoma mbele yangu hata ukurasa mmoja.

Alinakili kama anavyochonga, bila kuruka kitu. Halafu akaanza kuongeza. Kila Jumapili baada ya ibada alikaa chini akaandika safari yake mwenyewe, ya kuanzia pale daftari la Bi Mkubwa linapoishia, kwenye mto mkubwa wa mwisho. Ng'ambo ya mto wasafiri wanakuta kijiji. Sufuria ziko motoni, kuku wanatembea, watu hakuna. Unaweza kuingia nyumba yoyote, na kila nyumba inakupa jambo tofauti. Nyumba ya tatu kutoka kisimani daima ina chakula, na anayekula pale anapona jeraha lolote. Vinyago vinatoka msituni kucheza, na ukimtambua aliye ndani ya kinyago lazima unyamaze, ukimtaja umepotea. Nilicheza safari hiyo mara nyingi kabla ya kuelewa kuwa kijiji kilikuwa kwao, kwamba alikiandika nyumba kwa nyumba ili asikisahau, na kwamba nyumba ya tatu kutoka kisimani ilikuwa ya mama yake. Mama yake alibaki ng'ambo. Hakujua kama yu hai.

Daftari lake lilifika kurasa thelathini za nyongeza. Nakala ilikuwa hiyo moja tu; alisema ataruhusu watu wanakili likiisha, na lilikuwa haliishi.

Siku moja katibu wa kijiji akaja Lindi kwenye semina ya makatibu. Alinitafuta kwa wema, kuniletea salamu. Nikamkaribisha uani. Fundi na wenzake wanne walikuwa katikati ya safari. Katibu akachuchumaa kuangalia, anatabasamu, kisha tabasamu likakatika.

"Hiki nini?"

Kwenye kila ukurasa wa daftari la fundi, hata zile thelathini alizoandika mwenyewe, palikuwa na muhuri wa kijiji. Ameuchora kwa kalamu ya wino wa buluu, duara na herufi zake zote, na hata pale wino ulipofifia kwenye muhuri wa kweli, yeye kaufifisha.

"Ni sehemu ya mchezo," fundi akasema kwa sauti yake ndogo. "Sikutaka kupunguza."

"Ndugu, umeghushi muhuri!"

"Nimeuchora."

"Ndiyo kughushi kwenyewe!"

Nilijaribu kucheka. Katibu hakucheka, na nilipomwangalia usoni niliona anaogopa. Wilayani wakikuta muhuri wake kwenye vitabu vya majini huko uani kwa watu, nani atamwamini tena na kibweta kile? Alisema mchezo ni mali ya kijiji, umegongwa muhuri, na hakuna aliyetoa kibali uchezwe Lindi, sembuse kuongezewa mambo. Daftari atakwenda nalo, kamati ya kijiji italichoma, na la polisi tutalizungumza baadaye. Fundi alikuwa mgeni nchini, na neno polisi lilimtosha. Alilikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwingine mtoto.

Baada ya hapo hakuchonga. Siku tatu mikono yake ilikaa magotini. Wenzake walimwambia aandike upya. Akasema, "Nyumba ya saba na ya tisa nimekwisha kuzisahau. Nilipoandika nilizikumbuka kwa sababu niliandika ya sita na ya nane."

Siku ya nne nikamwambia, "Twende."

Ilituchukua siku mbili, nusu kwa lori la chumvi, nusu kwa miguu. Maji ya mto Mbwemkuru yalikuwa yamepungua, tukavuka. Njiani fundi aliniuliza mara moja tu: "Huyo mama ni mkali?" Nikamwambia kweli, kwamba ni mkali.

Bi Mkubwa alitupokea barazani kwake.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Wewe kaa pale kwenye jua. Mgeni, karibu kivulini, baba, umechoka." Akampa maji fundi. Mimi hakunipa. "Nilikupa ijaza ya nini?"

"Ya kusimama mlangoni."

"Nilikwambia ukampe mtu mwingine mlango?"

"Hukusema, Bi Mkubwa."

"Na wewe hukuuliza. Wewe unayeuliza hata mbuzi kwa nini ana ndevu, hilo hukuuliza." Kisha akamgeukia fundi. "Na wewe, nasikia umeongeza."

"Nimeongeza, mama."

"Kurasa ngapi?"

"Thelathini."

"Mimi nina ishirini na sita," Bi Mkubwa akasema, na sikujua kama amekasirika au la.

Kamati ilikaa siku iliyofuata, asubuhi, kwenye banda la kisomo. Daftari la fundi lilikuwa juu ya mlango, mbele ya katibu, na pembeni yake, nakumbuka vizuri, palikuwa na kiberiti. Katibu alieleza shauri lake bila kutia chumvi. Muhuri umeghushiwa. Mchezo wa kijiji umechukuliwa. Aliyeuchukua kauongezea mambo asiyoyajua mtu, na siku yakizua maneno, watakaoulizwa ni sisi, kwa kuwa jina letu liko kwenye kila ukurasa.

"Hilo la mwisho kasema kweli," Bi Mkubwa akasema. "Mimi siwezi kujibu maneno ambayo sikuyaandika. Lakini siwezi pia kuchoma kitabu sijakisikia. Kwa baba yangu mtu anasoma kwanza. Mgeni, njoo ukae upande huu."

Fundi akakaa kwenye kiti cha bawabu, kiti kikalia. Bi Mkubwa akachukua karatasi yake ya zamani. Yule mzee mwembamba wa mtoni akachukua yake. "Anahitajika wa tatu," Bi Mkubwa akasema, akamsukumia katibu kipande cha karatasi ya saruji. "Andika. Hukumu huwezi kuitoa ukiwa umesimama nje."

Katibu akaandika, bila furaha: karani, ulimi mbili, macho mbili, nguvu mbili.

Fundi alianza kwa sauti ya chini mno hata watu wakasogea. "Mmefika kwenye mto wa mwisho. Ni mkubwa kuliko yote mliyovuka. Kuna mtumbwi mmoja na askari mmoja. Askari anamwambia karani: barua yako iko wapi?"

"Barua?" katibu akasema. "Mimi ndiye ninayeandika barua!"

"Hapa huandiki. Kalamu yako imelowa. Tupa simbi."

Akatupa. Zote nne zikaangalia juu. Banda likalipuka. Mzee mwembamba aliupiga mlango kofi: "Karani kakosa barua! Leo nimekufa kwa raha!"

"Askari anakurudisha nyuma," fundi akasema. "Wenzako wanavuka. Wewe umebaki ukingoni."

"Nasubiri askari ageuke."

"Hageuki."

"Nampa tumbaku."

"Havuti."

"Basi naomba..." Katibu alikuwa amekwisha kuvua kofia. "Namwambia kweli. Namwambia sina barua, lakini wale wawili ni watu wangu, na sijui nitaishije huku peke yangu."

Fundi alizisogeza simbi pembeni. "Hapo hutupi simbi," akasema. "Askari anakusogezea kasia."

Wakavuka. Wakaingia kijiji kisicho na watu. Mzee mwembamba alikuwa na jeraha la mguu tangu safari za nyuma, na Bi Mkubwa akamwongoza nyumba kwa nyumba, akigonga hodi kila mlango japo anajua ndani hakuna mtu. Nyumba ya tatu kutoka kisimani wakakuta sufuria ya muhogo na samaki. Mzee akala. Fundi akasema, "Mguu umepona." Bi Mkubwa akauliza, "Mwenye nyumba yuko wapi?" Fundi hakujibu kama bawabu. Alisema tu, "Sijui, mama. Kwa kweli sijui."

Watu wakaelewa.

Bi Mkubwa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga. "Hii siyo yangu," akasema. "Ni yako yote. Nisingeweza kuiandika." Halafu akawageukia kamati. "Nimekaa usiku na mchana tangu jana nikiwaza nani nimpe ijaza na nani nimnyime. Ningemnyima huyu. Sikumjua. Angekuja kuniomba kabla, ningemwambia hapana. Na safari hii isingekuwapo. Sasa wangapi wa namna yake wako huko, nami sitawaona wakisoma mbele yangu?"

"Huwezi kumpa ijaza mtu usiyemjua," katibu akasema, kwa upole sasa.

"Baba yangu asingefanya. Yake ilikuwa elimu, na elimu ikipotoshwa inapoteza watu. Huu ni mchezo. Mchezo ukikaa kwangu peke yangu nitakufa nao." Akamwita mzee mwembamba. "Chukua kalamu. Andika kwenye ukurasa wa mwisho, ninavyosema."

Mzee, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa hajui kushika kalamu, akaandika kwa ulimi umetoka nje kidogo. Ilichukua karibu asubuhi yote iliyobaki, kwa kuwa walibishana kila sentensi. Nayakumbuka maneno kwa sababu nimeyanakili mara nyingi baadaye:

"Mwenye daftari hili mkononi, awe nani, nimempa ijaza. Acheze, anakili, ampe mwingine. Akitaka kuongeza safari yake aongeze, ila aandike yangu imeishia wapi na yake imeanzia wapi. Asiseme mimi niliandika la kwake, wala la kwangu asiseme kaandika yeye. Na kile atakachoongeza, naye asimfungie mwenzake."

"Na mtu akiuza?" mjumbe mmoja akauliza.

"Auze karatasi yake na jasho la mkono wake. Ruhusa haiuzwi, nimekwisha kuitoa."

Sentensi ya mwisho ya maandishi ndiyo iliyomgusa fundi. Alitaka kujua kama naye itambidi aachie kijiji chake kinakiliwe na yeyote, hata watu watakaokicheka. Bi Mkubwa akamwambia ndiyo, hata hao. Alifikiri sana, kidole chake kinafuata nakshi za mlango. Mwishowe akasema, "Wakikinakili wengi, hakitasahaulika."

Ukabaki muhuri. Katibu alikuwa amekwisha kukirudisha kiberiti mfukoni. Akafungua kibweta chake cha bati. "Ukurasa huu mmoja nitaugonga," akasema, "kuonyesha kwamba kijiji kimesikia na hakina kinyongo. Mihuri ya kuchora ifutwe. Na watakaonakili, mahali pa muhuri wachore duara tupu. Duara si kosa la mtu." Akagonga, akapulizia, akamkabidhi fundi daftari lake. Fundi akalipokea, kama kawaida yake, kwa mikono miwili.

"Na mimi?" nikauliza. Hata siku hiyo nilikuwa nimekaa upande wa jua.

"Wewe kaa unakili nyumba zote za huyu bwana," Bi Mkubwa akasema, "kabla hajasahau nyingine."

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyowahi kuifanya mpaka mwisho.

Ng'ambo ya Ruvuma walipopata uhuru wao, fundi aliaga. Alifunga patasi zake kwenye gunia, akamwacha mbeba mizigo wa mpingo kwangu, akasema huyo hafi, mtunze. Barua haikuja. Mimi nikaendelea na tabia yangu ya kuhama, na kila nilipolala msimu mmoja niliacha nakala moja.

Miaka ilipita. Siku moja nilikuwa Nangurukuru nasubiri basi la kusini. Kwenye kibanda cha chakula wanawake wawili walikuwa wamepumzika baada ya wateja wa mchana, kati yao daftari lenye mafuta ya maandazi, na simbi. Sikuwafahamu. Nikaomba kuangalia, wakaniambia ninawe mikono kwanza.

Ya Bi Mkubwa ilikuwapo, na mstari chini yake: yake imeishia hapa. Halafu kijiji cha fundi, nyumba zote, kwa mwandiko nisioujua. Halafu safari mbili ambazo sikuwahi kuzisikia, moja ya mtu aliyechimba chumvi akakuta ngazi. Ukurasa wa mwisho maneno yaleyale, na chini yake duara tupu, limechorwa kwa kufuata mdomo wa kikombe.

"Unaujua?" mmoja akaniuliza.

"Kidogo."

"Basi kaa. Tuko mto wa mwisho, tunatafuta wa tatu." Akanipa karatasi. "Mwenzangu kaumia, na humu ndani hatujui pa kwenda. Nyumba ni nyingi. Wewe unaingia ipi?"

Basi langu lilikuwa limeanza kupiga honi. Nikamtoa mbeba mizigo wa mpingo mfukoni, nikamsimamisha mezani, nikamwambia naanzia kisimani, nahesabu nyumba tatu, na nagonga hodi.